Barabara ya Barafu ya Rusayl

Barabara yenyewe ilikuwa ya hatua kumi na nne tu. Ilianzia ukutani ikaishia ukutani, lami nyeusi ya kweli, imemwagwa na kushindiliwa na mafundi walewale wanaotengeneza barabara za mji, na juu yake palilala barafu ya unene wa nusu kidole. Nje ya chumba hicho cha baridi Rusayl, eneo la viwanda nje ya Maskati, ilikuwa inaungua. Ulikuwa mwezi wa Agosti, saa nne ya asubuhi, mabati ya maghala yanalia kwa joto, na mtu akishika kitasa cha gari bila kitambaa anaacha ngozi yake hapo. Ndani, kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, na Bi Khawla binti Sinan, mwanamke wa miaka hamsini na sita ambaye hajapata kuona theluji ikianguka, alikuwa amepiga magoti barabarani kama mtu anayetafuta hereni iliyomponyoka.

Kiwanda kilikuwa kidogo, na kazi yake ilikuwa ya ajabu kuielezea kwa watu wa joto. Tende zilizokataliwa sokoni, zilizopasuka na zilizoingia wadudu, zililetwa kwa malori zikachachushwa mpaka zikawa siki. Siki ikachanganywa na unga wa mawe ya chokaa kutoka milimani. Ikatoka dawa ya maji, rangi yake kama chai isiyo na maziwa, yenye harufu kali iliyomfuata Bi Khawla mpaka nyumbani kwake Wattaya na kulala naye kwenye mto. Dawa hiyo ikinyunyizwa juu ya barabara iliyoganda, barafu huachia.

Nchi za baridi humwaga chumvi barabarani majira yote ya baridi, tani kwa tani, ili magari yasiteleze. Chumvi inayeyusha barafu, hilo halina ubishi. Lakini barafu ikishakwenda zake chumvi haiendi. Inashuka kwenye mizizi, miti ya kando ya njia inakufa imesimama. Inaingia mitoni na visimani, inakula vyuma vya madaraja polepole kama mchwa. Siki ya tende haina ukatili huo. Udongo unaipokea na kuisahau.

Bi Khawla hakuhitaji kufundishwa tabia ya chumvi. Alizaliwa Tabora, akaletwa Maskati na wazazi wake akiwa na miaka sita, akakulia katika nyumba ambayo Kiarabu kilikaa sebuleni na Kiswahili kikakaa jikoni. Akasoma kemia, akafanya kazi miaka ishirini na saba katika maabara ya maji ya serikali. Kila wiki alikwenda na chupa zake kwenye visima vya pwani ya Batina, na kila mwaka alivikuta vimebadilika. Watu walivuta maji kuliko mvua ilivyorudisha, na bahari, kwa subira yake, ikaingia kwa chini kwa chini. Mumewe, marehemu Badr, alikuwa na shamba la mitende Barka, miti mia mbili ya urithi. Siku kisima cha Barka kilipopimwa, aliyekipima ni mkewe.

"Hebu pima tena," Badr alimwambia.

Alipima tena. Akapima mara ya tatu. Namba haikuwa na huruma na yeye hakuibadilisha. Mitende ilianza kukauka kutoka kileleni, mmoja mmoja, na Badr akawa anakwenda kila Ijumaa kukaa katikati yake kama mtu anayekaa na wagonjwa, mpaka na yeye mwenyewe akaondoka. Basi kiwanda cha Rusayl kilipomwita baada ya kustaafu, na meneja akamweleza kwamba wanatafuta kitu cha kuiondoa chumvi barabarani katika nchi za watu, Bi Khawla hakuuliza maswali mengi. Aliuliza tu saa ya kuanza kazi.

Kazi ilikuwa hivi. Alasiri alimwaga maji juu ya ile lami, akafunga mlango mzito, akauachia ubaridi ufanye kazi yake. Asubuhi aliingia na koti lake la pamba nene, akanyunyiza dawa, akatoka, na baada ya dakika arubaini akarudi na kipande cha bati kukwangua na kuona barafu imeachia kiasi gani.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni alifungua mlango akakuta mtu ametembea juu ya barafu.

Zilikuwa nyayo nane, za miguu mitupu. Hazikuchimbika, hazikuyeyuka. Ila barafu ilikuwa imeota juu yake, nyeupe, yenye manyoya kama ukungu wa mkate, kila kisigino na kila kidole mahala pake. Zilianza katikati ya barabara na kuisha hatua mbili kabla ya ukuta. Hapakuwa na pa kutokea, hapakuwa na pa kwendea. Na hatua zenyewe zilikuwa fupi, za mtu asiyeiamini ardhi, kama kizee anavyoingia chooni kwenye sakafu ya maji.

Alimwita Kulusumu, binti wa Kiganda aliyekuwa akisafisha ofisi na korido.

"Kulusumu mwanangu, sikugombezi. Uliingia humu jana?"

"Mimi? Humo?" Kulusumu alichungulia kwa jicho moja, mwili wote ukiwa nje. Akaziona. Akarudi nyuma hatua tatu. "Madamu, nivue viatu niingie kwenye friza? Hata kwetu Masaka watu wanakufa, lakini hawafi kijinga hivyo."

Bi Khawla alicheka, kwa sababu kicheko kilikuwa karibu kuliko kitu kingine chochote. Kisha akachukua bati lake akazikwangua zile nyayo moja baada ya nyingine, na hakupenda namna mkono wake ulivyokuwa ukienda polepole kwenye vidole.

Zilirudi kesho yake. Zikarudi na kesho kutwa. Siku ya nne alimweleza Ami Amur, fundi wa mashine ya baridi, mzee anayekaribia miaka sabini aliyezaliwa Mwanza na kuzeekea Maskati, mtu ambaye pale kiwandani alizoea kuzungumza naye Kiswahili cha nyumbani.

"Za mwanamume au za mwanamke?" Amur aliuliza, kama anayeuliza ukubwa wa bomba.

"Sijui. Si kubwa."

"Zinaelekea kibla?"

"Zinaelekea ukutani, Ami."

Mzee alifikiri, akasugua kidevu. "Hiki chumba tulikileta na baridi yake kutoka mbali. Huwezi kujenga nyumba ya baridi katika nchi ya jua halafu ukataka isipate mpangaji." Akampiga begani kwa vidole viwili. "Wewe fanya kazi yako, mwanangu. Hili niachie mimi."

Na kweli, baada ya siku mbili nyayo zilikatika.

Kitu kingine kikabadilika wiki hiyohiyo. Tangu mwanzo dawa ilikuwa inafanya kazi vizuri katika nyuzi sita chini ya sifuri. Lakini ikishushwa hadi kumi na mbili, barafu ilikaa kama jiwe na kuidharau. Sasa ghafla ikaanza kuachia. Mara ya kwanza Bi Khawla alidhani kipimajoto kimeharibika. Mara ya pili akakumbuka kwamba unga wa chokaa ulikuwa umesagwa upya, laini zaidi, akajiambia sababu ni hiyo. Alirudia mara kumi na moja. Mara zote kumi na moja barafu ilivunjika kama mkate wa jana.

Meneja, Hatem, kijana wa miaka thelathini na tano ambaye bibi yake alikuwa wa Unguja, alipoona namba hizo aliinuka kitini.

"Mashaallah! Bi Khawla, umetutoa kimasomaso, wallahi!"

Palikuwa na mji mdogo wa milimani, huko mbali kwenye baridi, uliokuwa ukiwasubiri. Mhandisi wao wa barabara aliandika barua yenye adabu. Alisema mto wao umeanza kuwa na chumvi na miti ya barabara kuu imekauka. Alisema wana mteremko mkali mbele ya skuli, na siku za baridi kali watoto huushuka kwa miguu. Kama dawa hii itashika mpaka nyuzi kumi na mbili, basi mwaka huu chumvi hawataigusa kabisa. Wanachohitaji ni saini ya aliyeipima.

Bi Khawla alitia saini kwenye cheti. Aliitia taratibu, jina lake kamili mpaka la babu, na jioni ile akiwa anakunja nguo zake Wattaya alijikuta anamsimulia Badr, kwa sauti, kuhusu ule mto.

Hayo yalikuwa ya mwisho wa Julai. Sasa ni Agosti, Jumatatu, mapipa yanapangwa kwa safari ya Alkhamisi, na yeye amepiga magoti barabarani kwa sababu ameona kitu kisichomridhisha. Barafu iliyobaki pembeni ilikuwa na vitundu. Vidogo, vingi, vimekwenda chini wima kama vilivyodungwa na sindano. Dawa ya maji haitoboi. Hulamba kutoka juu. Kinachotoboa ni punje.

Alivua glavu, akaingiza ukucha kwenye ufa kati ya lami na ukuta. Kikatoka kitu cheupe, kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Akakitia ulimini.

Miaka ishirini na saba ya visima ikamjibu mara moja.

Ami Amur alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, ana kikombe cha kahawa na tende tatu kwenye kisahani.

"Ami, nani anaingia chumbani kabla yangu?"

"Mimi. Nani mwengine mwenye ufunguo?"

"Unaingia kufanya nini?"

"Kuangalia feni."

"Na chumvi?"

Mzee aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Umeijuaje?"

"Nimeiramba."

"Hee! Ulimi huo serikali ilikosea kuustaafisha." Akacheka peke yake, akaona hachekewi. "Basi usinikazie macho. Ile si chumvi ya barabarani. Ile nimeisomea. Ayatul Kursi mara saba, kila alfajiri. Konzi moja kila pembe, na konzi tatu katikati pale anapopita. Tangu nianze kumwaga, yule kaja?"

"Hajaja."

"Sasa unanigombeza nini?"

"Ami Amur, kiwanda chote hiki kimejengwa ili watu wasitumie chumvi."

"Mimi sikuimwaga kwa ajili ya barafu!" mzee alisema, na uso wake ulikuwa umejaa haki. "Nimeimwaga kwa ajili yako. Unaingia mle peke yako, mwanamke, mjane, huna wa kukushika mkono. Nikae nikutazame tu?"

Bi Khawla alitaka kulia, akataka kucheka, akakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kosa lilikuwa la Amur, lakini upofu ulikuwa wake yeye mwenyewe. Alikulia juu ya chumvi ya mawe. Mama yake aliitupa kwenye pembe za nyumba kila Ijumaa, asubuhi ukiamka unaisikia inavunjika chini ya kandambili. Walipohamia nyumba mpya, chumvi iliingia kabla ya kitanda. Mtoto akistuka usingizini, mkono wa kwanza wa mtu mzima ulikwenda kwenye kibuyu cha chumvi. Nani katika watu wake angesikia habari ya mguu wa mgeni ndani ya nyumba asiitafute chumvi? Alipomweleza mzee zile nyayo, alikuwa amemwagiza bila kujua.

Na jina lake lilikuwa kwenye cheti.

Hatem alimsikiliza akiwa amesimama. Bi Khawla alipomaliza, Hatem alikaa.

"Bi Khawla, unaniua. Wallahi unaniua. Ni konzi ngapi? Hao watu wamezoea chumvi, watachanganya kidogo, kila mji unachanganya. Hakuna atakayejua."

"Wameandika hawataigusa kabisa."

"Umeshatia saini, lakini."

"Nilitia saini nilichokiona. Leo nimeona kingine."

"Na kama hata bila hiyo chumvi inafanya kazi? Unga si tumebadilisha? Una hakika gani?"

Hakika hiyo Bi Khawla hakuwa nayo. Na ndani ya kutokuwa na hakika huko palikuwa na tamaa. Alitaka ifanye kazi. Aliitaka miti ile asiyoijua ipone, mto ule urudi kuwa mtamu. Saini moja ikikaa palepale ilipo, chumvi ya mji mzima inabaki ghalani. Saini ikiondolewa, labda mji utarudi kwenye magunia yake, na kiwanda, Hatem alilisema hilo kwa sauti ya chini bila kumtazama, hakitauona mwaka mwengine.

"Nipe mpaka Jumatano," alisema Bi Khawla. "Nitapima kwa macho yangu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ikishika kumi na mbili, mapipa yaende. Isiposhika, nafuta."

Jumanne yeye na Kulusumu waliiosha barabara kwa maji ya moto. Waliiosha mara tatu, na kila mara Bi Khawla alichovya kidole na kuonja, mpaka maji yakawa hayasemi kitu. Kulusumu alisugua akiwa na mabuti ya mpira, mgongo wake hauachani na mlango.

"Madamu, na yule mtu wako akirudi?"

"Tutamkaribisha."

"Utamkaribisha wewe. Mimi nitakuwa nimekwenda chai."

Jumatano saa tatu asubuhi, barafu mpya ikiwa imeshika, Bi Khawla alivaa koti, akachukua pampu ya mkono, saa, daftari na kigoda cha plastiki. Safari hii hangetoka kati ya dakika ile ya kwanza na ya arubaini. Kidirisha cha mlango kilikuwa kimefunikwa na barafu, na alitaka aweze kuapa kwamba hakuna mkono ulioingia humo isipokuwa wake.

Ami Amur alisimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni.

"Hata punje moja? Kaa nayo tu, usiimwage."

"Hata punje."

"Basi nitagonga kila dakika kumi. Usipojibu, navunja mlango."

"Utauvunja mlango wako mwenyewe?"

"Nitaulilia baadaye."

Mlango ukafungwa. Alinyunyiza dawa nusu ya barabara, ile ya upande wa ukuta wa mbali, nusu ya pili akaiacha na barafu tupu ili aweze kulinganisha. Akaweka kigoda mwisho kabisa wa upande huo wa dawa, mgongo ukutani, akakaa. Taa ya chumba ilikuwa nyeupe, haina asubuhi wala alasiri. Feni zilivuma. Dawa ilitandaa juu ya barafu, ikang'aa.

Mlango ukagongwa. "Upo?"

"Nipo."

Dakika kumi, na barafu haijakohoa hata mara moja. Aliandika. Dakika ya kumi na tano, feni zikanyamaza zenyewe, kama zilivyozoea kupumzika kila baada ya muda, na chumba kikawa kimya kiasi cha kusikia damu yake masikioni.

Hapo ndipo alipoona barafu inafanya weupe katikati ya barabara.

Kilianza kidole gumba. Weupe uliota kama pumzi kwenye kioo, ukatambaa, ukawa vidole vinne vingine, ukawa unyayo, ukawa kisigino. Mguu wa kulia. Alisikia mlio mdogo sana, kama karatasi inayokunjwa chumba cha pili. Kisha wa kushoto, mbele kidogo tu ya wa kulia.

Alijisomesha kemia: hewa ya mapafu yangu ina maji, maji yanatafuta pa kugandia, ni mimi mwenyewe ninayepumua. Lakini pumzi haina vidole. Wa kulia tena. Zile nyayo zilikuwa zinakuja upande wake.

Mlango ukagongwa. "Dada Khawla! Upo?"

Hajapata kumwita dada. Hofu ilikuwa imemshusha mzee umri.

"Nipo," alijibu, na akaona neno lake linageuka moshi mbele ya uso. Hakuongeza. Akisema zaidi, mlango utafunguliwa, na joto la Rusayl litaingia, na hatajua milele.

Nyayo zilifika pale dawa inapoanzia, zikasimama. Miguu miwili sambamba, vidole vikimwelekea. Zikakaa hivyo muda mrefu, na Bi Khawla, ambaye hakuona kitu chochote juu ya miguu ile, alijua kwa hakika kwamba ameulizwa swali. Ndivyo mtu anavyosimama kando ya njia na kumtazama aliyeko ng'ambo: panapitika?

Na jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye cheti, kwa wino, mpaka jina la babu yake.

Alifungua mdomo aseme ngoja. Midomo ilikuwa imekufa kwa baridi, ikachelewa. Mguu wa kulia ukaota juu ya dawa. Wa kushoto ukaota. Kisha wa kulia haukuota, ulivutwa. Mstari mweupe mrefu ukachanika barabarani, ghafla, kama chaki iliyoponyoka ubaoni. Pembeni yake kikatokea kiganja, vidole vitano vimetanuka. Na nyuma ya kiganja doa pana, kubwa, mahala ambapo nyonga ya mtu ingeangukia.

"Pole!" alisema Bi Khawla.

Lilimtoka kabla hajafikiri, kama linavyomtoka kila mtu wa lugha yake akiona mwenziwe amejikwaa, awe mtoto, awe mpita njia, awe mwizi. Ni neno analolisema mtu asiye na kosa, kwa aliyeumia bila kosa lake. Alikuwa amelisema maisha yake yote hivyo. Mara hii alilisikia likirudi kutoka kwenye kuta nne za barafu, akatambua kwamba mara hii kosa lilikuwa lake.

Mlango ukagongwa. "Upo?"

"Nipo, Ami. Bado."

Alibaki mpaka dakika ya arubaini, macho kwenye kile kiganja. Hakuna kilichoongezeka. Saa ilipofika aliinuka, akashuka na bati lake kwenye ile nusu ya dawa, akizunguka mbali na doa lile. Juu palikuwa na ute mwembamba wa maji. Chini ya ute, barafu ilikuwa nzima, imeing'ang'ania lami kama jino. Ilikuwa mbaya kuliko barafu tupu: ile tupu angalau ilikwaruza, hii ilikuwa imepakwa mafuta.

Ami Amur alimpokea kwa mikono miwili. Nyusi za Bi Khawla zilikuwa nyeupe kwa barafu na maji yakaanza kumtiririka usoni kwa joto la korido, hata mtu asingeweza kujua yapi ni ya barafu.

"Kaja?"

"Kaja."

"Kafanya nini?"

"Kaanguka, Ami."

"Kainuka?"

"Nilikaa mpaka mwisho. Sikumuona akiinuka."

Hakwenda kubadilisha nguo. Aliingia kwa Hatem na koti lake, akaomba cheti, akapiga mstari juu ya saini yake kwa kalamu ya kawaida ya ofisini, na chini yake akaandika: *Dawa hii hufanya kazi mpaka nyuzi sita chini ya sifuri. Chini ya hapo isitumike, hasa penye mteremko. Itazidisha utelezi.* Akaweka tarehe.

Hatem aliisoma mara mbili. Alitazama nyusi zake, akatazama maji aliyoyadondosha juu ya meza.

"Ile sita," alisema mwishowe. "Ile ni ya kweli? Haikupata konzi ya mzee?"

"Ile niliipima Mei. Kabla ya yote haya. Lakini nitairudia."

"Irudie," alisema Hatem, akavuta simu, akakaa ameishika bila kubonyeza kwa muda mrefu. Bi Khawla alitoka, na kupitia ukuta alimsikia anaanza kuongea na mhandisi wa ule mji, anasita, anaanza tena. Foklifti iliyokuwa inapakia mapipa ilizimwa. Jioni jibu lilikuja: mteremko wa skuli watauwekea mchanga, na baridi ikizidi wataufunga. Mitaa ya bondeni, karibu na mto, ambako baridi si kali, watajaribu dawa. Waliomba robo ya mapipa, na walishukuru kuambiwa.

Jumapili aliingia tena, na kigoda chake, nyuzi sita chini ya sifuri. Hapakuwa na chumvi mfukoni mwa mtu yeyote. Ami Amur alikuwa ameapa, na alikuwa anagonga mlango kila dakika tano badala ya kumi. Dawa ilianza kufanya kazi mapema. Barafu iliguna, ikapasuka, ikaelea, na lami nyeusi ikatokea chini yake inang'aa, yenye maji.

Feni ziliponyamaza, nyayo zilianza kuota katikati ya barabara, fupi, za mtu asiyeiamini ardhi. Zilifika mpakani. Mbele yake hapakuwa na barafu tena. Palikuwa na barabara tu, na barabara yenye maji haishiki alama ya mtu.

Miguu ile miwili ilisimama sambamba, ikimwelekea.

"Panapitika," alisema Bi Khawla. Alilisema lote.

Alingoja. Hakuna kilichoota, hakuna kilichovutwa. Lami ilibaki nyeusi na tupu kutoka mpakani mpaka kwenye vidole vya viatu vyake, na hakuwa na njia ya kujua kama mtu yuko njiani au amekataa kupita. Basi alisimama, akavuta kigoda chake pembeni, akajibana ukutani, akaacha njia.